JE, ANAYESAIDIWA ANA RUHUSA YA KUULIZA?



Katika kazi ya ushemasi kuna swali moja linalorudi kila mara shida kubwa inapoingia katika mji. Swali ni hili: mtu anayepewa msaada, je, ana ruhusa ya kuuliza? Anaweza kusema, "Si hivi," au, "Nionyesheni kwanza"? Ama kazi yake ni kunyosha mikono, kupokea na kushukuru tu?

Wengi watajibu upesi kwamba mwenye njaa hachagui. Sisi tunasema: tungoje kwanza, tulipime neno hilo. Tutalipima kwa mambo yaliyotokea kweli katika nchi yetu ya Kongo, zaidi sana wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Pale msaada mkubwa ulifika, na watu wakaupokea kwa mawe. Ni vizuri tujue kwa nini, ili siku ya shida nyingine tusirudilie yale yale, sisi tunaosaidia na sisi tunaosaidiwa.

1. Shida ya kwanza ya Kanisa la kwanza

Tusome Matendo ya Mitume 6:1-6. Pale Yerusalema waamini walikuwa wakigawa chakula kila siku kwa wajane. Ilikuwa kazi njema, na mitume wenyewe walikuwa wakiisimamia. Hata hivyo manung'uniko yakatokea: wale waliosema Kiyunani waliona kwamba wajane wao wanasahauliwa.

Tufikiri kidogo. Mitume wangeweza kujibu: "Ninyi mnakula bure, na bado mnanung'unika?" Wangeweza kusema ni shetani anayetaka kugawanya Kanisa. Wangeweza kuwafukuza waliosema. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wote, wakakubali kwamba kuna jambo la kutengeneza, wakawaambia watu wenyewe wachague wanaume saba. Angalia majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Maana yake, orodha ya chakula iliwekwa katika mikono ya watu wa upande uliolalamika.

Hapo ndipo ushemasi ulipozaliwa. Ulitoka katika manung'uniko yaliyosikilizwa. Shemasi anayekasirika kwa sababu mjane ameuliza amesahau kazi yake ilitoka wapi.

2. Yaliyotokea Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina. Ugonjwa ukafika Beni, Butembo, Katwa, ukaingia na Ituri. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo wa karibu miaka miwili watu zaidi ya 3,400 waliugua, na 2,287 kati yao wakafa. Ndiyo Ebola kubwa ya pili iliyojulikana duniani, baada ya ile ya Afrika ya Magharibi ya miaka ya 2014 hadi 2016.

Msaada haukukosa. Waganga walikuja, wa Kongo na wa nchi za nje. Chanjo ilikuwako, na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Dawa mpya zilijaribiwa, na mbili zilionekana kusaidia sana wale waliofika mapema. Kazi hiyo yote watu waliiita Riposti. Lakini mwezi wa Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtoto wa Kameruni, aliuawa kwa risasi pale Butembo, naye alikuwa amekuja kuponya watu. Wagonjwa walikimbia, wengine walifichwa nyumbani, na ugonjwa ukaendelea kutembea.

Kwa nini? Watu wa mbali walijibu: "Ni ujinga." Jibu hilo ni jepesi, na si la kweli. Watu wa Beni walikuwa na maswali, na maswali yao yalikuwa na miguu ya kusimamia.

Swali la kwanza lilihusu vita. Tangu Oktoba 2014 watu katika eneo la Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga na kupigwa risasi, wanawake na watoto pia. Waliomboleza na kuomba kulindwa, na waliona majibu machache. Ndipo Ebola ikaja, na katika majuma machache barabara zikajaa jipu mpya. Mtu aliuliza: "Tulipokufa kwa panga mlikuwa wapi? Mbona kifo hiki ndicho mlichokiogopa? Au mnaogopa kitavuka kiwafikie ninyi?"

Swali la pili lilihusu magonjwa mengine. Katika miaka ile ile surua ilikuwa inaua watoto katika Kongo nzima. Kati ya mwanzo wa 2019 na Januari 2020 watu zaidi ya 6,000 walikufa kwa surua, kupita wale waliouawa na Ebola. Mama aliyezika mtoto wa surua au wa malaria, bila mtu kumpigia hodi, aliona wageni wanashuka mbio kwa ugonjwa mmoja tu.

Swali la tatu lilihusu sauti yao. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Siku chache kabla yake wakaaji wa Beni na Butembo waliambiwa kwamba wao watangoje hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019, kura zao zikiwa bado. Lakini makanisa, masoko na shule vilikuwa wazi. Watu wakasema: "Kumbe ugonjwa huu ni wa siasa."

Tena waliona franga nyingi zinapita, nyumba zinakodishwa kwa bei kubwa, magari yanakodishwa, kazi zinapewa watu waliotoka mbali. Wakaanza kusema juu ya biashara ya Ebola.

Hakuna hata moja la maswali hayo lililotoka katika ujinga. Mtu aliyeachwa miaka mingi, siku unapomjia ghafula na mikono iliyojaa, lazima atauliza unatafuta nini kwake. Imani ya watu hainunuliwi siku ya shida. Inapandwa kabla, kama muhogo. Siku ya njaa ni siku ya kuchimba, si siku ya kupanda.

3. Nia njema haitoshi

Mwingine atasema: "Waganga ndio wenye maarifa. Mgonjwa anajua nini? Anyamaze atibiwe." Neno hili lina ukweli wake. Chanjo haikutengenezwa kwa kura ya sokoni. Lakini tukumbuke historia ya ugonjwa huu wenyewe.

Ebola ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 pale Yambuku, katika Mkoa wa Équateur, nchi yetu ikiitwa Zaire. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Palikuwa na hospitali ya misioni yenye watu wa huruma, waliokuja kusaidia maskini. Lakini sindano zilikuwa chache. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano kwa wagonjwa wa nje, na sindano moja ilichoma wengi bila kuchemshwa vizuri. Wagonjwa wengi walipata ugonjwa pale pale walipokwenda kutafuta uzima. Masista nao walikufa. Hatusemi hili ili kuwahukumu. Walitoa maisha yao. Tunalisema kwa sababu linatufundisha kwamba moyo mwema unaweza kushika sindano chafu.

Tena kuna jambo la pili la Yambuku ambalo halisimuliwi sana. Katika vijiji vya upande ule wazee walifunga njia wenyewe, wakazuia watu kuingia na kutoka. Ilikuwa desturi ya zamani, walivyofanya wakati wa ndui. Hawakungoja mgeni awafundishe. Kwa hiyo maarifa yalikuwa pande zote mbili, na upofu pia ulikuwa pande zote mbili. Wahenga wamesema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mganga anajua ugonjwa. Mwenye nyumba anajua nyumba. Mmoja akimnyamazisha mwingine, ugonjwa ndio unaoshinda.

4. Swali si jiwe

Hapa lazima tuseme wazi, tusije tukaeleweka vibaya. Kuuliza ni haki, kurusha jiwe ni dhambi. Aliyemuua Daktari Mouzoko hakuuliza swali. Aliyechoma kituo chenye wagonjwa ndani hakuuliza swali. Na aliyeeneza uongo kwamba chanjo ni sumu, naye hakutafuta kujua, aliua kwa ulimi. Watoto walikufa ambao wangepona.

Basi tutawatambuaje? Anayeuliza kweli anangoja jibu. Akijibiwa vizuri, anabadilika. Mchochezi hangoji jibu. Ukimjibu moja analeta jingine. Lakini, wapendwa, angalia hatari hii: mahali ambapo maswali ya kweli hayajibiwi, mchochezi ndiye anayejibu. Watu hawakai bila jibu. Ukiwanyima lako, watachukua la mtu wa kwanza anayepita.

Kuna na sababu nyingine ya kulinda maswali. Pale ambapo anayesaidiwa amefungwa mdomo, uovu unapata maficho. Mwezi wa Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya kazi ya Ebola. Ilieleza jinsi wanawake na wasichana walivyotendewa mabaya ya zinaa, na wengine kuombwa mwili wao ili wapewe kazi. Tume ilitaja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Ulimwenguni. Kwa nini mambo hayo yaliendelea muda mrefu? Kwa sababu binti maskini hakuona mlango wa kupeleka kilio chake. Aliyempa mkate ndiye aliyemshika koo.

Kwa hiyo haki ya kuuliza si pambo la matajiri. Maskini anaihitaji kuliko wote, maana hana ulinzi mwingine.

5. Waliposikiliza, mambo yalibadilika

Tusiseme mabaya tu. Katika taabu ile ile watu walijifunza.

Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika yale watu waliyosema, hata matusi na uvumi. Waliona kwamba wengi walisema: "Mnatoa viungo vya maiti wetu, katika mfuko mnatia mawe." Wangeweza kucheka. Lakini walileta mifuko inayoonyesha kilichomo, ili jamaa waone uso wa mtu wao kabla ya kumzika. Jibu halikuwa hotuba. Jibu lilikuwa kufungua macho ya watu. Familia zilipewa nafasi ya kuomba na kulia kwa umbali usio na hatari, na vijana wa pale pale walifundishwa kuzika, badala ya kuwangojea wageni waliovaa nguo za kutisha.

Pale Beni vilitumiwa vyumba vyenye kuta za plastiki zinazoonyesha ndani. Mgonjwa alilala peke yake, lakini mke wake alikaa upande wa pili akimtazama na kusema naye. Mtu hakupotea tena nyuma ya pazia hadi atoke amekufa.

Tena waliopona, ambao ugonjwa haukuwa rahisi kuwashika mara ya pili, waliajiriwa kuwabeba na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanatibiwa. Hakuna mahubiri juu ya kupona yaliyopita kumwona mtu aliyepona akimnyonyesha mtoto wa jirani kwa chupa.

Tazama, haya yote ni Matendo 6 tena: manung'uniko yalisikilizwa, yakachunguzwa, na kazi ikawekwa katika mikono ya wale walioumia.

6. Na sisi katika Kanisa?

Ni rahisi kuhukumu Riposti. Sasa tujipime wenyewe. Makanisa kama letu, yaliyozaliwa katika Afrika kwa njia ya manabii, yanaombea wagonjwa, yanawekea mikono, yanakusanya watu wengi kwa siku nyingi. Ebola inapita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Katika Kivu wagonjwa wengine walipelekwa kwanza kwenye vyumba vya maombi, na walioomba nao wakaugua. Basi mwamini akiuliza: "Shemasi, leo tuweke mikono, ama tuombe kwa mbali?", je, amekosa imani?

Sisi tunajibu: hapana. Katika Walawi 13 kuhani hakukatazwa kutazama ngozi ya mgonjwa na kumtenga siku saba. Ilikuwa sehemu ya kazi yake takatifu. Katika Hesabu 12:10-15 Miriamu, dada ya Musa, alipigwa na ukoma akawekwa inje ya kambi siku saba. Lakini soma mwisho wa habari: taifa lote halikuondoka pale mpaka Miriamu aliporudishwa. Hapo pana sheria mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza, mgonjwa atengwe. Ya pili, watu wamngoje. Kutenga bila kungoja ni kutupa. Kungoja bila kutenga ni kufa pamoja. Upendo unashika zote mbili.

Mungu anayesikia maombi yenye mikono kichwani anasikia pia maombi ya hatua tano. Kama hasikii kwa hatua tano, basi tumwombeeje ndugu aliye Kinshasa au Ulaya?

Lakini kuna swali lililo gumu zaidi kwetu: je, sisi viongozi tunakubali kuulizwa? Sadaka ya wahanga inapokusanywa, nani anajua ilikwenda wapi? Orodha ya wajane imeandikwa na nani, na jina la mjane asiye na jamaa katika baraza limo? Tukisema, "Usimuulize mtumishi wa Mungu," tunajenga kituo kile kile kisicho na dirisha, na siku moja mawe yatakuja.

7. Mambo matano ya kushika

Ebola ilirudi tena, mwezi wa Septemba 2025, upande wa Bulape katika Kasai. Shida nyingine zitakuja, za ugonjwa, vita, moto wa mlima au mafuriko. Kwa hiyo tunaomba kila parokia na kila kikundi cha maombi kishike haya:

(a) Kabla ya shida, tuwe tumetembelea. Mashemasi wajue nyumba za wajane, wagonjwa na wageni siku za amani, ili siku ya taabu wasiwe watu wapya mlangoni.

(b) Tuulize kabla ya kuleta. Familia iliyokimbia ina nguo lakini haina sufuria. Au ina unga lakini haina kuni. Maneno mawili, "Mnakosa nini?", yanazuia hasara nyingi.

(c) Tuseme tunachojua, na tuseme wazi tusichokijua. Kiongozi anayesema, "Hili sijui, nitauliza mganga, nitawajibu Jumapili," na kweli akajibu, anaaminiwa kuliko yule mwenye jibu la kila kitu.

(d) Kila kitabu cha msaada kisomwe mbele ya watu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na kati ya wagawaji wawepo wale waliopigwa na shida yenyewe, baba na mama pia. Pawe na mama mmoja au wawili ambao wasichana wanaweza kuwaambia siri bila woga.

(e) Tusiondoke upesi. Shida ikiisha katika redio, haijaisha katika nyumba. Yatima, na aliyepona ambaye majirani bado wanamwogopa, hao ndio watakaopima kama tulikuja kwa ajili yao au kwa ajili ya jina letu.

Wapendwa, tumeuliza kama anayesaidiwa ana ruhusa ya kuuliza. Jibu letu ni ndiyo, na ruhusa hiyo hatumpi sisi. Alizaliwa nayo, kwa sababu aliumbwa kwa mfano wa Mungu kabla hajawa mhitaji, na njaa haikumwondolea mfano huo. Bwana Yesu mwenyewe, alipoletewa kipofu karibu na Yeriko, alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Luka 18:40-41). Alikuwa na uwezo wote, na macho yale yalionekana wazi kwamba ni mapofu. Hata hivyo aliuliza, akangoja jibu. Kama yeye aliuliza, sisi ni nani tusiulize, na ni nani tukatae kuulizwa?

Vikundi vyote vizungumze juu ya jambo hili katika mikutano ya juma. Mwenye swali alilete kwa mashemasi. Hatutamkasirikia.

Bwana awalinde katika nyumba zenu, awape waganga hekima, awafariji waliofiwa, na atufanye tuwe watu wa kusikiliza.

Amina.